Namna ya Kusoma Nafasi Halisi ya Uwekezaji wa Kimataifa: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Nilipowapa wasomaji zoezi la kukokotoa nafasi halisi ya uwekezaji wa kimataifa ya nchi ya kufikirika, majibu mengi yaliyonifikia hapa Mbeya yalikuwa na kosa lile lile. Karatasi moja, iliyochanwa kwenye kaunta buku na kupigwa picha juu ya meza ya duka la steshenari, ilikuwa na mstari mmoja tu wa hesabu: deni la nje 21,000 kutoa akiba ya fedha za kigeni 5,000, jibu 16,000, nalo limepigiwa mistari miwili ya kalamu nyekundu. Jibu sahihi lilikuwa hasi 24,000. Mwenye karatasi alijua kutoa vizuri kabisa, ila alichagua vitu visivyo vya kutolewa.

Kwa sababu hiyo nimeliandika upya zoezi zima, safari hii nikieleza kila hatua, sababu yake, mahali watu wanapoteleza, na dalili ya kwamba umefika. Historia ya dhana hii nimeiacha kando.

## Tunachokitafuta

Nafasi halisi ya uwekezaji wa kimataifa, ambayo kuanzia hapa nitaiita nafasi halisi, ni jumla ya mali za kifedha ambazo wakazi wa nchi wanazimiliki au kuzidai kwa wasio wakazi, ukitoa jumla ya zile ambazo wasio wakazi wanazimiliki au kuzidai kwa wakazi, yote yakihesabiwa katika tarehe moja. Tarehe hiyo kwa kawaida ni siku ya mwisho ya mwaka au ya robo mwaka.

Zingatia neno «tarehe». Urari wa malipo ya nje unasimulia yaliyopita katika kipindi, kama daftari la mauzo ya mwezi. Nafasi halisi inahesabu kilichopo rafu na madeni yaliyopo siku unapofunga duka. Anayechanganya hivi viwili hataweza kuifanya hatua ya tano.

## Mahitaji

- Jedwali la nafasi ya uwekezaji wa kimataifa la nchi unayoisoma, kwa miaka miwili inayofuatana. Kwa Tanzania, mwandaaji ni Benki Kuu, na takwimu za nchi nyingi hukusanywa pia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Kwa aliyeko Nyanda za Juu Kusini, Benki Kuu ina tawi jijini Mbeya, na si aibu kwenda kuuliza.
- Jedwali la urari wa malipo ya nje la mwaka ulio kati ya tarehe hizo mbili, hasa sehemu ya akaunti ya fedha, yaani ile inayoonyesha mali na dhima za kifedha zilizoongezeka au kupungua kwa miamala kati ya wakazi na wasio wakazi.
- Viwango vya kubadilisha fedha vya siku ya mwisho ya kila mwaka, pamoja na wastani wa mwaka.
- Pato la Taifa la miaka hiyo miwili, kwa sarafu ile ile ya jedwali.
- Karatasi yenye mistari, kikokotoo, na penseli. Nasema penseli kwa makusudi, kwa sababu katika hatua ya kwanza utafuta sana.

Kabla ya kushika jedwali la nchi halisi, fanya kwanza nchi ya mazoezi ninayoitumia hapa. Takwimu zake nimezitunga, nazo ni za dola za Marekani kwa mamilioni.

## Hatua ya 1: Mtenge mkazi na asiye mkazi

Hii ndiyo hatua inayowaangusha wengi, na kila kosa linalofanyika hapa utalibeba hadi mwisho. Uraia hauhusiki. Sarafu nayo haihusiki. Kinachoulizwa ni kitovu cha masilahi ya kiuchumi ya mtu au kampuni kiko wapi, na kipimo cha kawaida ni kuishi au kukusudia kuishi katika nchi kwa mwaka mmoja au zaidi.

Jipime kwa mifano ya huku kwetu.

Raia wa kigeni aliyeajiriwa Iringa na kuishi huko miaka mitano ni mkazi wa Tanzania. Akiba yake katika benki ya Iringa haingii kwenye jedwali, hata kama iko kwenye akaunti ya dola, kwa kuwa ni mkazi anayeidai benki iliyo mkazi.

Mzaliwa wa Njombe anayefanya kazi Johannesburg kwa miaka kumi si mkazi wa Tanzania, ingawa pasipoti yake ni ya Tanzania na kila Desemba yuko nyumbani. Nyumba aliyoijenga Njombe huchukuliwa kitakwimu kama kampuni ndogo ya ndani inayomilikiwa na asiye mkazi, na hivyo huhesabiwa upande wa dhima za Tanzania, yaani vile ambavyo wasio wakazi wanavimiliki au kuvidai kwa wakazi. Wengi hukataa jambo hili wanapolisikia mara ya kwanza, nami nililikataa pia, lakini ndiyo kanuni.

Mwanafunzi aliyetoka Mbeya kwenda kusoma India hubaki kuwa mkazi wa Tanzania hata akikaa miaka minne, kwa kuwa wanafunzi na wagonjwa wanaotibiwa nje hawahesabiwi kuwa wamehama. Salio lake katika benki ya India ni mali ya Tanzania nje.

Mbadilisha fedha wa Tunduma mwenye bunda la kwacha lililofungwa kwa raba ndani ya droo ana mali ya nje mkononi mwake, kwa sababu noti ya kwacha ni dai dhidi ya benki kuu ya Zambia. Mkulima wa parachichi wa Rungwe aliyepakia mzigo kwenda Ulaya kwa makubaliano ya kulipwa baada ya siku sitini naye ana mali ya nje kwa siku hizo sitini, ijapokuwa mfukoni hana kitu.

Kampuni iliyosajiliwa na kufanya kazi Tanzania ni mkazi, hata kama kila hisa yake iko mikononi mwa wageni. Kinachoandikwa ni hisa wanazozimiliki wageni hao. Mashine za kampuni haziandikwi kivyake. Mashamba ya chai ya Mufindi, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa chini ya Unilever, hayakuwahi kuwa sehemu ya uchumi wa Uingereza. Yalikuwa kampuni ya Kitanzania yenye mwenye hisa wa nje.

Tahadhari. Misitu ya Sao Hill, makaa ya mawe ya Kiwira na madini yaliyo ardhini havimo kwenye jedwali hili. Jedwali linahesabu madai ya kifedha peke yake. Nchi inaweza kuwa na ardhi tajiri na nafasi halisi iliyo hasi sana, na pande hizo mbili hazipingani. Kitu pekee kinachoingia bila kuwa na mdaiwa upande wa pili ni dhahabu iliyosafishwa na kuhifadhiwa na benki kuu kama sehemu ya akiba. Dhahabu iliyo mkononi mwa mchimbaji wa Chunya ni bidhaa. Siku Benki Kuu inapoinunua na kuiingiza kwenye akiba, ndipo inapohamia kwenye jedwali.

Dalili ya kufaulu. Ukipewa mfano wowote, unauliza kwanza «nani anamdai nani?» na hukimbilii kuuliza «ni fedha gani?»

## Hatua ya 2: Chora jedwali lenye pande mbili

Gawa karatasi kwa mstari wa katikati. Kushoto andika mali, kulia andika dhima. Mwongozo wa sita wa Shirika la Fedha la Kimataifa, uliotolewa mwaka 2009, unapanga vyote katika makundi matano.

La kwanza ni uwekezaji wa moja kwa moja, yaani pale mwekezaji anapokuwa na angalau 10% ya nguvu ya kura katika kampuni ya nchi nyingine. Mikopo kati ya kampuni mama na kampuni yake tanzu huwekwa humu humu. La pili ni hisa zisizofikia kiwango hicho, pamoja na hatifungani, yaani hati za mkopo zinazoweza kuuzwa sokoni. La tatu ni mikataba ambayo thamani yake hutegemea bei ya kitu kingine. Kwa nchi kama yetu kundi hili ni dogo, nami nitaliruka. La nne linaitwa uwekezaji mwingine: mikopo, amana za benki, noti za kigeni, na malipo ya biashara yasiyokamilika. La tano ni akiba ya fedha za kigeni inayosimamiwa na benki kuu, nalo lipo upande wa mali tu.

Nchi yetu ya mazoezi, tarehe 31 Desemba ya mwaka wa kwanza, iko hivi:

Mali
- Uwekezaji wa moja kwa moja nje: 400
- Hisa na hatifungani za nje: 100
- Uwekezaji mwingine: 1,500
- Akiba ya fedha za kigeni: 5,000
- Jumla: 7,000

Dhima
- Uwekezaji wa moja kwa moja wa wageni: 14,000 (hisa 10,000, mikopo ya kampuni mama 4,000)
- Hatifungani zilizonunuliwa na wageni: 500
- Uwekezaji mwingine, hasa mikopo: 16,500
- Jumla: 31,000

Ili uone jinsi kitu kinavyoweza kuhama upande, chukua kiwanda cha saruji cha Songwe, Mbeya Cement. Hisa 65% za kiwanda hicho zilikuwa za kampuni ya Holcim ya Uswisi, na kwa hiyo zilihesabiwa kama dhima ya Tanzania. Amsons, kampuni ya Kitanzania, ilipozinunua, dhima hiyo ilifutika. Je, nafasi halisi ilipanda? Si siku ile. Ikiwa mnunuzi alilipa kwa fedha zilizokuwa katika benki za nje, mali imepungua kwa kiasi kile kile, na ikiwa alikopa nje, dhima imebadilika jina tu, kutoka hisa kuwa mkopo. Mwaka 2024 Amsons hao hao walinunua sehemu kubwa ya hisa za Bamburi Cement ya Kenya. Hapo Tanzania ilipata mstari mpya katika uwekezaji wa moja kwa moja nje, na Kenya, iliyokuwa tayari na dhima kwa Uswisi, sasa ina dhima kwa Tanzania.

Mfano mwingine uko chini ya miguu yetu. Bomba la mafuta la TAZAMA, linalopita katika nyanda hizi kwenda Ndola, linamilikiwa na Zambia kwa theluthi mbili na Tanzania kwa theluthi moja. Kampuni yenyewe ina makao yake Ndola, kwa hiyo theluthi ya Tanzania katika kampuni hiyo ni mali ya nje.

Dalili ya kufaulu. Kila kiasi kina upande mmoja, kundi moja, na jina la mdaiwa.

## Hatua ya 3: Hakiki thamani na kiwango cha fedha

Kanuni ya jumla ni kutumia bei ya soko ya tarehe ya jedwali. Hisa zinazouzwa sokoni huhesabiwa kwa bei ya kufungia siku hiyo. Kampuni nyingi za wageni nchini hazimo katika soko la hisa, na kwa hizo hutumika thamani ya mtaji inayoonekana katika vitabu vya kampuni, ambayo inaweza kuwa mbali na bei ambayo mnunuzi angekubali kulipa. Kwa hiyo usiusome mstari wa hisa za uwekezaji wa moja kwa moja kana kwamba ni risiti.

Mikopo ni tofauti. Huandikwa kwa kiasi kinachodaiwa, hata kama masharti yake ni nafuu. Mkopo wa China uliojenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975 haukuwa na riba, na bado mkopo wa aina hiyo unaingia kwenye jedwali kwa kiasi chake chote ambacho hakijalipwa, sawa na mkopo wa kibiashara wenye riba kubwa. Tofauti ya uzito wa mikopo hiyo miwili utaiona katika malipo ya riba ya kila mwaka.

Tahadhari. Kwa kiasi cha tarehe fulani tumia kiwango cha kubadilisha fedha cha siku hiyo. Kwa miamala ya mwaka mzima, wastani wa mwaka unafaa zaidi. Niliwahi kutumia wastani kwa akiba ya mwisho wa mwaka katika ripoti niliyomwandalia mwajiri wangu wa zamani, na aliyegundua kosa alikuwa karani wa masijala aliyekuwa akipiga chapa kurasa zangu. Tangu hapo naandika tarehe ya kiwango juu ya kila safu.

## Hatua ya 4: Toa, kisha patanisha na deni la nje

Hesabu yenyewe ni fupi: 7,000 kutoa 31,000 ni hasi 24,000.

Sasa rudi kwenye karatasi ya kaunta buku. Deni la nje ni zile dhima ambazo ni lazima zilipwe kiasi kilichokopwa au riba, yaani mikopo ya kampuni mama 4,000, hatifungani 500 na mikopo mingine 16,500, jumla 21,000. Hisa 10,000 hazimo, kwa kuwa mwenye hisa hadai kurudishiwa fedha zake kwa tarehe fulani. Hupata gawio kampuni ikipata faida, na kampuni ikipata hasara anaumia pamoja nayo. Aliyetoa 5,000 kwenye 21,000 akapata 16,000 alisahau hisa 10,000 upande wa dhima, na alisahau mali nyingine 2,000 zisizo akiba. Anza na 16,000, ongeza 10,000, toa 2,000, unapata 24,000. Weka alama ya hasi, na karatasi imepona.

Kuna mkanganyiko wa pili unaohusiana na huu. Deni la taifa tunalolisikia wakati wa bajeti lina sehemu ya ndani, ambayo serikali inadaiwa na benki za hapa, mifuko ya hifadhi ya jamii na wananchi walionunua hatifungani. Sehemu hiyo haihusiki na nafasi halisi, kwa kuwa mdai na mdaiwa wote ni wakazi. Kwa upande mwingine, mkopo ambao kampuni binafsi imechukua nje bila dhamana ya serikali unahusika kikamilifu.

Dalili ya kufaulu. Unaweza kuanza na deni la nje ukafika kwenye nafasi halisi, na kurudi, bila kubakiwa na tofauti usiyoweza kuieleza.

## Hatua ya 5: Eleza kwa nini nafasi imebadilika

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lote, na ndipo magazeti huandika mambo ya haraka haraka. Nafasi ya mwisho wa mwaka hupatikana kwa kuchukua nafasi ya mwanzo na kuongeza mambo manne: miamala, mabadiliko ya bei, mabadiliko ya viwango vya kubadilisha fedha, na mabadiliko mengine ya kiasi yasiyotokana na miamala.

Tuendelee na nchi yetu. Katika mwaka wa pili wageni walileta uwekezaji wa moja kwa moja wa 1,200, mikopo mipya ukitoa iliyolipwa ilikuwa 1,000, na benki kuu iliongeza akiba kwa 400. Dhima zimepanda kwa 2,200 na mali kwa 400, hivyo miamala imeipeleka nafasi chini kwa 1,800.

Kisha sarafu ya nchi ikapoteza 3% ya thamani yake dhidi ya dola. Hisa za wageni, zile 10,000, ni thamani ya kampuni zinazofanya biashara kwa sarafu ya ndani, kwa hiyo kwa dola zimeshuka kwa 300. Dhima imepungua, nafasi imepanda kwa 300. Wakati huo huo euro imepanda dhidi ya dola, na sehemu ya mikopo iliyo kwa euro imeongezeka kwa 200 ikihesabiwa kwa dola. Bei ya dhahabu nayo imepanda na kuiongezea akiba 100.

Jumlisha: hasi 24,000, toa 1,800, ongeza 300, toa 200, ongeza 100. Unapata hasi 25,600. Hakiki kwa pande mbili: mali ni 7,000 na 400 na 100, yaani 7,500; dhima ni 31,000 na 2,200, kutoa 300, kuongeza 200, yaani 33,100. Tofauti ni ile ile.

Simama kidogo kwenye ile 300, maana inakwenda kinyume na mazoea yetu ya kufikiri. Sarafu ilidhoofika, na nafasi ikiandikwa kwa dola ikawa bora. Geuza mambo na utaona yaliyowezekana kwetu: shilingi ya Tanzania, iliyokuwa imefika karibu 2,700 kwa dola moja katika mwaka 2024, iliimarika hadi karibu 2,400 ilipofika Desemba. Kwa mwenye duka la vipuri Mwanjelwa hiyo ilikuwa nafuu ya wazi. Lakini kuimarika kwa shilingi huikuza, kwa dola, thamani ya kila hisa ya mgeni katika kampuni ya Kitanzania, na kwa hiyo huikuza dhima. Jedwali hilo hilo likiandikwa kwa shilingi, deni la dola linapungua na picha inageuka. Hakuna jedwali lililodanganya kati ya hayo mawili. Ndiyo maana sikubali jibu ambalo halitaji sarafu ya jedwali.

Jambo la nne, mabadiliko mengine ya kiasi, hubeba mambo kama mdai kufuta deni kwa uamuzi wake mwenyewe kwa kuona halitalipika. Msamaha wa deni unaofikiwa kwa makubaliano ya pande mbili hauwekwi hapa. Tanzania ilipofikia hatua ya kukamilisha mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa mwezi Novemba 2001, unafuu wa namna hiyo kanuni inauhesabu kama muamala: nchi imepokea uhamisho wa mtaji, na kwa uhamisho huo imelipa deni. Kwa njia zote mbili nafasi halisi hupanda bila tani moja ya kahawa kuongezeka katika mauzo ya nje.

Tahadhari. Usiweke nakisi ya urari wa malipo ya kawaida (bidhaa, huduma, mapato na uhamisho wa kawaida) mahali pa miamala. Akaunti ya mtaji, inayobeba uhamisho wa mtaji kama ule wa msamaha wa deni, ipo, na makosa na mapungufu ya takwimu yapo pia, kwa hiyo namba hizo mbili hazilingani mara nyingi. Chukua namba kutoka akaunti ya fedha. Pia soma maelezo yaliyo chini ya jedwali kuhusu alama: katika majedwali ya mtindo wa zamani ongezeko la mali huandikwa kwa alama ya kutoa, na katika mtindo wa mwongozo wa sita huandikwa kwa alama ya kujumlisha. Nimewahi kuona akiba «ikipungua» kwenye karatasi ya msomaji katika mwaka ambao ilikua vizuri.

Dalili ya kufaulu. Unaweza kusema nafasi imeshuka kwa 1,600, na kwamba miamala peke yake ingeishusha kwa 1,800.

## Hatua ya 6: Linganisha na uchumi, kisha tazama muundo

Namba ya dola bila ukubwa wa uchumi haina uzito. Nchi yetu ina Pato la Taifa la 80,000 mwaka wa kwanza na 84,000 mwaka wa pili. Nafasi yake ni hasi 30%, kisha takriban hasi 30.5%.

Umoja wa Ulaya hutumia hasi 35% ya Pato la Taifa kama kizingiti cha kuanza kuichunguza nchi mwanachama. Kizingiti hicho kiliwekwa kwa ajili ya nchi za huko, na kukipachika kwa Tanzania bila maelezo ni kuvaa koti la mtu mwingine. Hata huko Ulaya, Ireland imekuwa mbali chini ya kizingiti hicho, na sababu kubwa ni kampuni za kimataifa zilizoweka makao yake humo.

Marekani ilikuwa na nafasi hasi ya takriban dola trilioni 26 mwishoni mwa 2024, kubwa kuliko ya nchi nyingine yoyote, na bado kwa miongo mingi mali zake za nje ziliiletea mapato makubwa kuliko yaliyolipwa kwa wageni. Sababu mojawapo ni muundo: Wamarekani walishikilia zaidi hisa na kampuni nje, na wageni walishikilia hatifungani zenye riba ndogo. Japani, kwa upande mwingine, ilikuwa na nafasi chanya ya takriban yeni trilioni 533 mwishoni mwa mwaka huo huo, lakini Ujerumani iliipita, na Japani ikaacha nafasi ya mdai mkubwa kuliko wote duniani kwa mara ya kwanza katika miaka 34.

Kwa hiyo baada ya asilimia uliza maswali manne, na usilipe kila moja uzito sawa. Dhima ni hisa kiasi gani na deni kiasi gani? Hili ndilo kubwa, kwa kuwa deni hudai riba hata mwaka wa ukame. Deni ni la muda mrefu au linaiva mwaka huu? Liko kwa sarafu gani? Na akiba inaweza kufikiwa kwa haraka kiasi gani? Uwekezaji wa moja kwa moja umezama katika mitambo na miti, na mwenye shamba la miti Mufindi hawezi kuondoka nalo kesho asubuhi, tofauti na mwenye hatifungani ambaye anaweza kuuza kabla ya chakula cha mchana.

Tahadhari. Usigawe nafasi halisi kwa idadi ya watu ukasema kila mwananchi «anadaiwa» kiasi fulani. Theluthi ya dhima za nchi yetu ya mazoezi ni hisa ambazo hakuna mwananchi anayedaiwa.

Dalili ya kufaulu. Unaweza kueleza kwa nini nchi mbili zenye hasi 30% zinaweza kuwa katika hali zisizofanana hata kidogo.

## Hatua ya 7: Andika jibu lako

Jibu linalokubalika lina tarehe, sarafu, kiasi, uwiano, muundo na sababu ya mabadiliko. Kwa nchi yetu lingekuwa hivi:

«Mwishoni mwa mwaka wa pili nafasi halisi ya nchi ilikuwa hasi dola milioni 25,600, sawa na takriban 30.5% ya Pato la Taifa. Dhima ni dola milioni 33,100, na takriban theluthi moja kati yake ni hisa. Nafasi ilishuka kwa dola milioni 1,600 katika mwaka: miamala iliishusha kwa 1,800, na mabadiliko ya bei na ya viwango vya kubadilisha fedha yakarudisha 200.»

Baada ya hapo chukua jedwali la Tanzania na urudie hatua zote, ukianza na penseli. Pembeni mwa karatasi andika tarehe uliyochukua takwimu. Takwimu za uwekezaji wa wageni hutegemea tafiti za kampuni, majibu ya kampuni nyingine huchelewa, na namba ya mwaka jana mara nyingi hurekebishwa katika chapisho la mwaka huu. Namba zako zikitofautiana na za mwenzako wa Iringa, linganisheni kwanza tarehe hizo kabla ya kuanza kutafuta nani amekosea.